Sakafu ya Jiko

Mtu apitaye vijijini siku hizi huona kwamba ujenzi umeendelea sana. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati, madirisha yamepanuliwa, na chumba cha wageni kimetiwa saruji laini inayong'aa. Lakini akizunguka nyuma ya nyumba na kuinama ili aingie jikoni, aghalabu huona kwamba sakafu ni ile ile ya udongo, yenye mashimo kando ya mafiga na vumbi jingi mlangoni. Fedha ya saruji imeishia pale anapokaa mgeni saa moja kwa juma. Haikufika pale wanapokaa mama na watoto wadogo tangu alfajiri mpaka usiku. Sisi wanaume ndio tupangao matumizi ya fedha katika nyumba nyingi, na yafaa tukiri kwamba hapa tumepanga vibaya.

Mtoto atambaaye hana kiti. Makao yake ni sakafu. Kitu kilichoanguka chini hukiokota na kukitia kinywani, na udongo alioushika asubuhi huula mchana pamoja na uji. Mayai ya minyoo ya tumbo huweza kukaa hai muda mrefu katika udongo wenye unyevu, wala jicho haliyaoni. Funza naye apenda udongo mkavu wenye vumbi. Jike huingia katika ngozi ya mguu, mayai yake huanguka chini, na watoto wake hukua katika vumbi la sakafu ile ile, kisha huwarudia wenye nyumba. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Aliletwa kwa merikebu kutoka Brazili hata pwani ya Angola katika mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara zima na kufika huku mashariki. Tena yuko papasi, ajifichaye mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na usiku hutoka kuwauma waliolala. Huyu huleta homa ikomayo kwa siku chache kisha ikarudi.

Kwamba sakafu ina nguvu juu ya afya, jambo hili limepimwa. Huko Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa watu maskini saruji ya kufunika hata meta 50 za mraba za sakafu ya udongo, nao wenye nyumba waliitengeneza mahali na kusaidia kuitandaza. Baadaye wataalamu walilinganisha watoto wa nyumba hizo na watoto wa miji ya jirani iliyo katika jimbo jingine, ambako saruji ile haikugawiwa. Taarifa yao, iliyotolewa mwaka 2009, yaeleza kwamba pale ambapo udongo wote ulifunikwa, minyoo ilipungua kwa karibu sehemu nne katika tano, kuhara kukapungua kwa karibu nusu, na upungufu wa damu ukapungua kwa kiasi cha sehemu nne katika tano. Hata mama zao walionekana kuwa na furaha zaidi. Sisemi kwamba sakafu yaweza kushika mahali pa choo na maji safi. Walakini ni kazi ambayo mtu huifanya mara moja, ikamfaa kila siku.

Basi mtu akisikia hayo aweza kusema, "Kesho nitanunua saruji." Nami namwambia angoje kidogo, kwa maana mimi mwenyewe nilisema hivyo nikapata hasara. Mwaka 2016 nilinunua mifuko 3, nikamwita fundi, naye akalimaliza jiko langu lote kwa siku moja. Alifagia udongo wa zamani, akatandaza lipu ya unene wa inchi moja juu yake, akailainisha kwa mwiko hata ikang'aa kama kioo. Siku ya tatu tukapanga mafiga na kuwasha moto. Kabla ya masika ya pili mama watoto aliniita akaniambia, "Baba, sakafu yako yalia kama ngoma." Nikagonga kwa mpini wa jembe, nikasikia kweli, chini yake palikuwa patupu. Juma lile lile mchi uliitoboa, na penye mafiga ilikuwa imekwisha kubambuka vipande vipande. Tukaivunja yote na kuitoa nje kwa karai. Fundi yule hakuniibia hata kidogo. Alifanya kama nilivyomwomba, yaani kazi ya upesi na ya rahisi, nami sikumwuliza neno juu ya kile kilichokuwa chini ya saruji.

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba jiko ni chumba kama vyumba vingine. Sivyo. Sakafu ya chumba cha kulala ina adui mmoja, nao ni nyayo. Sakafu ya jiko ina moto, ina maji, ina mchi, na ina ufagio, wala hakuna kitu cha bei nafuu kiwezacho kuwashinda wote wanne. Udongo waupokea moto na kishindo cha mchi bila kudhurika, lakini maji huulainisha, na ufagio huondoa kidogo kila asubuhi, hata baada ya miaka michache sakafu imekuwa kama bakuli. Saruji hushinda maji na ufagio, lakini moto huipasua. Sababu yake ni kwamba saruji iliyoganda ina maji ndani yake. Moto mkali ukiyageuza kuwa mvuke, nayo mawe madogo yaliyomo yakipanuka, uso wake hubambuka. Na kishindo cha mchi, kikianguka mahali pamoja kila siku, huvunja saruji nyembamba hata ikiwa imetengenezwa vema.

Kwa hiyo jiko moja lataka sakafu zaidi ya moja. Kabla ya kununua kitu chochote, mwite mwenye jiko, yaani yeye apikaye, mpe kijiti, naye achore mistari chini: hapa moto, hapa mitungi na kuoshea vyombo, hapa watoto wakaapo, hapa kinu. Mwanamume asichore yeye. Mimi nilipochora nilisahau mahali pa kuni.

Tuanze na mahali pa moto, ambapo ni padogo na gharama yake ni ndogo. Hapo yafaa matofali ya kuchoma. Tofali lilikwisha kupita katika moto wa tanuru, kwa hiyo moto wa kupikia haulishtui. Mahali pa futi 4 kwa futi 5 pataka matofali 70 hivi ya inchi 9 kwa inchi 4 na nusu, yakilazwa bapa. Chimba, tandaza mchanga wa unene wa inchi mbili, ushindilie, panga matofali yakiwa yamebanana, kisha fagilia mchanga mkavu katika nafasi zilizobaki. Usiyaunganishe kwa saruji. Tofali moja likivunjika utaling'oa na kutia jingine kwa muda wa kuchemsha chai. Lakini chagua matofali kwa akili. Yale ya pembeni mwa tanuru mara nyingi hayakuiva. Gonganisha mawili: yaliyoiva hulia kama chuma, yasiyoiva hutoa sauti ya udongo. Tena loweka moja katika ndoo usiku kucha. Kama asubuhi kingo zake zamomonyoka kidoleni, tanuru lile lipite.

Kinu kikiwa na kivuli cha kukitosha nje, chini ya upenu, pale ndipo mahali pake pazuri, juu ya udongo ulioshindiliwa. Kama hapana budi kiwe ndani, kiwekwe juu ya matofali hayo hayo.

Sasa sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, na ndipo penye maji na watoto. Nitaeleza kwa kirefu habari ya saruji, kwa kuwa watu wengi huitamani na wengi huiharibu.

Nguvu ya sakafu ya saruji yatoka chini. Ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi na majivu ya miaka mingi, mpaka ufikie udongo mgumu. Kisha panga mawe au vipande vya matofali unene wa inchi 4 hata 6, uyashindilie kwa nguvu, na juu yake nyunyiza changarawe au mchanga wa kuziba nafasi. Mawe haya yazuia unyevu usipande, kwa sababu maji hupanda kwa urahisi katika udongo ulioshikana, lakini hayawezi kuruka nafasi zilizo kati ya mawe. Ukiweza kutandaza karatasi ya nailoni nene juu ya mchanga, ni vizuri zaidi. Uso wa sakafu ukimalizika uwe juu ya ardhi ya nje kwa inchi 6, ili mvua isiingie ndani.

Juu ya mawe huja zege ya unene wa inchi 3. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50 tia debe 5 za mchanga na debe 10 za kokoto, nami nahesabu debe la lita 20. Changanya vikiwa vikavu mara mbili au tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Debe moja na nusu kwa mfuko yatosha, na mchanga ukiwa umeloa, pungua. Hapa ndipo mafundi wengi wakosapo: maji mengi huifanya kazi kuwa nyepesi, zege ikamwagika kama uji, lakini maji yaliyozidi yakikauka huacha vitundu vidogo visivyohesabika, na sakafu hiyo haina nguvu hata kama saruji ilikuwa nyingi. Zege nzuri ni ngumu kuitandaza, nayo huhitaji kugongwagongwa kwa ubao mpaka utomvu wake utokee juu.

Zege ikianza kushika, kabla haijakauka kabisa, ndipo ipakwe lipu ya inchi moja, mfuko mmoja kwa debe 7 za mchanga, ili viwili hivi vishikane kuwa kitu kimoja. Lipu itiwayo juu ya zege ya juma lililopita, bila kukwaruzwa wala kuloweshwa, ndiyo iliayo kama ngoma. Uifanye iinamie mlangoni au kwenye mfereji wa kutolea maji, inchi mbili kwa urefu wa futi 12. Na fundi apime kwa kamba na pimamaji, si kwa jicho. Usiidai iwe laini mno. Sakafu ing'aayo hupendeza ikiwa kavu, lakini mwanamke aliyebeba sufuria ya uji wa moto juu ya sakafu laini iliyoloa yumo hatarini.

Mchanga nao uchunguzwe. Wa ufuoni una chumvi, ambayo huvuta unyevu na kuiharibu kazi. Wa mtoni waweza kuwa na tope. Tia mchanga katika chupa hata nusu, jaza maji, tikisa, uiache mpaka kesho: tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka, na likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga ule, uoshe au utafute mwingine. Saruji yenyewe inunuliwe karibu na siku ya kazi, na iwekwe juu ya mbao, si chini. Mfuko uliokaa miezi mitatu mahali penye unyevu umepoteza sehemu ya nguvu yake. Na ukiona mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usiupokee, hata muuzaji akipunguza bei.

Neno kubwa kuliko yote ni lile la mwisho, wala halina gharama. Watu hudhani kwamba saruji huwa ngumu kwa kukauka, kama udongo. Sivyo kabisa. Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji, na kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Ikikauka mapema, kuungana huko hukatika njiani, na uso wake hubaki kuwa vumbi miaka yote. Kwa hiyo tangu kesho yake ifunike kwa majani ya migomba, au magunia, au mchanga, na uimwagie maji asubuhi na jioni muda wa siku 7. Watoto wazuiliwe, na mbuzi pia. Mimi katika jiko langu la kwanza niliwasha moto siku ya tatu. Kwa nini basi nililalamika?

Tuhesabu sasa. Jiko la futi 10 kwa futi 12 lina futi za mraba 120. Ukitoa 20 za matofali ya moto, zabaki 100. Hizo zataka mifuko 5 ya saruji, debe 30 hivi za mchanga, na debe 30 hivi za kokoto, ambazo watu wa nyumbani waweza kuzigonga wenyewe. Bei ya mfuko hutofautiana toka wilaya hata wilaya, kwa hiyo kila mtu azidishe kwa bei ya kwao, aongeze ujira wa fundi wa siku mbili, si moja.

Mwenye kuona kwamba mifuko 5 ni mingi ana njia mbili. Ya kwanza ni kugawanya kazi kwa miaka: mwaka huu atie saruji nusu ile ya maji na watoto, mwaka ujao nusu ya pili. Hii ni bora kuliko kutandaza saruji kidogo juu ya chumba kizima. Njia ya pili ni kuuimarisha udongo wenyewe. Chukua udongo wenye mchanga mwingi kidogo, usiwe mweusi wa kunata ule upasukao kiangazi, uuchekeche, na kwa kila debe 12 tia debe moja la saruji. Loanisha kiasi tu: ukifinya konzi moja ishikane, na ukiiangusha toka kifuani ivunjike vipande vichache. Ikitapakaa yote kama unga, maji hayatoshi. Ikibaki bonge moja, yamezidi. Tandaza upesi, kwa saa moja iwe imekwisha kushindiliwa, unene wa inchi 3. Jiko letu litatumia mifuko 2 na nusu hivi. Nayo ifunikwe na kuloweshwa juma zima kama ile nyingine. Haina uthabiti wa zege, lakini haifanyi vumbi kama udongo mtupu.

Na asiye na fedha ya saruji hata kidogo? Huyo asidharauliwe, wala asidhani kwamba hana la kufanya. Udongo wa kichuguu, ukitwangwa, ukaloweshwa na kushindiliwa kwa matabaka ya inchi mbili mbili, hutoa sakafu ngumu ya ajabu. Zamani hata viwanja vya tenisi vya Wazungu vilitengenezwa kwa udongo huo. Sakafu ya udongo iinuliwe kuliko ardhi ya nje, mashimo yazibwe siku yatokeapo, na inyunyizwe maji kidogo kabla ya kufagiwa. Habari ya kusiriba kwa samadi ya ng'ombe, desturi hii ina maana yake, kwa kuwa nyuzi za majani zilizomo huuzuia udongo usipasuke. Lakini samadi hubeba vijidudu vya pepopunda. Kwa hiyo chumba kilichosiribwa hivyo kisiwe mahali pa kulaza mtoto ambaye kitovu chake hakijapona.

Kuna jambo jipya lililoanzishwa katika nchi ya Rwanda na shirika liitwalo EarthEnable. Wao hushindilia changarawe na udongo, kisha huupaka mafuta ya mmea kama yale ya kitani, ambayo yakipata hewa hukauka na kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji. Gharama yake ni chini sana ya ile ya zege. Mafuta hayo hayajaenea katika maduka yetu, lakini walimu wa ufundi wangefanya vema kuyajua.

Watu wa pwani watauliza mbona sikutaja chokaa. Wao ndio wenyeji wa jambo hili. Hata neno lenyewe "sakafu" latokana na Kiarabu, na huko maana yake ni dari au paa, kwa sababu katika majumba ya mawe paa bapa la chini ndilo sakafu ya juu. Chokaa ya matumbawe, ikipigwa kwa vipande vya mbao siku nyingi na kundi la watu, hudumu vizazi. Lakini kundi hilo leo lataka ujira, na kuni za tanuru zimekuwa adimu. Kwa jiko dogo sioni kwamba ni nafuu kuliko saruji.

Vigae vya dukani huvutia macho, lakini lazima zege iwepo chini yake, kwa hiyo ni gharama juu ya gharama, navyo huteleza na kupasuka sufuria ikianguka. Zulia la plastiki lisiingie kabisa katika chumba chenye moto wa kuni.

Kazi hii ianze mwanzo wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani. Siku ya kwanza jenga kibanda cha kupikia nje, kwa maana jiko litafungwa siku 10 na watu watakula. Mlipe fundi nusu akimaliza zege na nusu siku ya nane, baada ya kuifunua sakafu na kuigonga kila upande kwa mpini wa jembe, mama mwenye jiko akiwa amesimama hapo anasikiliza.